Njo Ami 6 hiyo, yaya

Yaya, ile gari unauliza, yenye kioo ya nyuma inalalia ndani, njo Citroën Ami 6, ilitoka Ufaransa 1961, aliichora Flaminio Bertoni, ule ule alichora DS, gari ingine ya Citroën. Kioo ilikaa vile juu ya kumuachia mutu wa nyuma nafasi ya kichwa. Nilikuwa naipenda sana! Hapa Lubumbashi jirani yetu wa Kamalondo alikuwa nayo, moteri silinda mbili tu, cc 602, inapozwa na upepo, haina radiateri, wenzake banasimama ku barabara ya Likasi kutafuta maji, yeye anapita. Na fimbo ya vitesi (gia) ilitokea ku tablo, mbele ya dereva, unavuta unasukuma sawa droo, mukono wa ile fimbo naukumbuka mpaka leo.