Namba ya USDOT peke yake haitoshi

Ndugu yangu, umenunua lori la semi, umesajili kampuni yako ya LLC hapo Ohio, sasa unauliza kama namba ya USDOT, ile ya utambulisho ambayo Idara ya Usafiri ya Marekani huipa kampuni ya malori, inatosha kubeba mizigo ya watu hadi Texas. Haitoshi. Namba hiyo ni ya bure. Unahitaji pia kibali cha kubeba mizigo kwa malipo kutoka FMCSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia malori, ada yake dola 300. Nacho hakifanyi kazi mpaka kampuni ya bima ithibitishe kinga ya angalau dola 750,000, na fomu ya BOC-3 itaje mawakala wa kukupokelea hati za mahakama.

Bima ndiyo itakutoa jasho. Kampuni mpya hutozwa bei ya kuumiza, kwa hiyo ulizia bei kabla hujailipa ile 300.

UCR, ada ya usajili ya wanaosafirisha kati ya majimbo, hulipwa kila mwaka; pleti ni za IRP, mpango wa usajili wa malori yanayovuka majimbo. IFTA, mkataba wa majimbo wa kodi ya mafuta, inataka utunze risiti za dizeli na maili za kila jimbo, maana hesabu hupelekwa kila robo mwaka.

Jina lako likishaingia kwenye mfumo, simu zitamiminika, wengine wakijifanya ni serikali. Usimtajie mtu namba ya kadi. Na hata ukiendesha mwenyewe, jiunge na konsotia, yaani kikundi kinachosimamia upimaji wa dawa za kulevya kwa madereva. Mkaguzi wa usalama huja ndani ya miezi 12 ya kwanza, na rekodi hizo ataziulizia.