Maswali ya Wasomaji: Himoglobini, Selimundu na Namba za Maabara

Mwezi huu tumechagua barua nne zinazohusu himoglobini. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza jambo linalofanana: namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu inasema nini hasa juu ya ugonjwa, na mgonjwa aitegemee kwa kiasi gani. Anayejibu ni mtaalamu wetu wa biokemia ya tiba.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka saba na ana sikoseli. Mwaka jana daktari alimwanzishia kapsuli za haidroksiyurea. Majuzi tulipokwenda kliniki tuliambiwa HbF yake imepanda kutoka asilimia 7 hadi 19, na daktari alifurahi sana. Mimi sikuielewa furaha ile. Jirani yangu ananiambia kwamba hiyo ni dawa ya saratani na itamharibu mtoto. HbF ni nini, na je, niendelee kumpa dawa?
— Mama wa mtoto, Mwanza

Jibu: Mama, pole na hongera kwa kumlea mtoto huyo hadi hapo alipofika. Daktari wako alikuwa na haki ya kufurahi, nami nitajaribu kukueleza kwa nini.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, na kila molekuli yake ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, husafiri tofauti na ya mtu asiye na ugonjwa inapopitishwa katika uwanja wa umeme. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aliipata tofauti yenyewe. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146 (matofali yanayojenga protini), asidi ya glutamiki imeondoka na mahali pake imekaa valini. Badiliko ni hilo moja tu. Lakini valini hukimbia maji, na himoglobini inapokwisha kuachia oksijeni, valini hiyo hujipachika kwenye kijishimo kilichopo katika molekuli jirani, na hiyo nayo hujipachika kwa nyingine, mpaka ndani ya seli zinajengeka nyuzi ndefu na ngumu mithili ya kamba za katani. Seli iliyokuwa laini na ya mviringo hukakamaa, hujipinda, hukwama katika mishipa midogo na kupasuka kabla ya wakati wake. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa, macho ya njano na upungufu wa damu unaoufahamu.

HbF ni himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Badala ya minyororo ya beta ina minyororo ya gama, ambayo haina valini hiyo na wala umbo lake halikubali kuunganishwa na uzi unaojengeka. Kwa hiyo kila molekuli ya HbF iliyomo ndani ya seli hupunguza idadi ya zile zinazoweza kujiunga na kamba. Daktari wa watoto Janet Watson, wa Brooklyn, aliliona jambo hili mwaka 1948 alipochunguza damu ya watoto wachanga waliorithi ugonjwa: seli zao chache sana zilijipinda, naye akahisi kwamba himoglobini ya utotoni ndiyo inayowakinga. Kinga hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita, na ndiyo maana akina mama wengi husimulia kwamba mtoto alikuwa mzima kabisa, kisha alipofika miezi sita au zaidi vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba. Baadaye madaktari waliofanya kazi mashariki mwa Saudi Arabia waliwaeleza watu wazima wenye selimundu ambao hawakuugua sana, na damu yao ilikuwa na HbF nyingi. Ushahidi huo wote unaelekea upande mmoja, nao ulitangulia dawa yenyewe.

Ni kweli kwamba haidroksiyurea ilianza kutumika kwa saratani za damu. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA, hivyo hupunguza kasi ya seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za uboho, kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Kwa mgonjwa wa selimundu dozi hupangwa kwa uzito wa mwili, na uboho, ukiwa chini ya msukumo huo, hurudi kutengeneza HbF kwa wingi. Jaribio kubwa la kwanza, lililochapishwa mwaka 1995, lilihusisha watu wazima 299 huko Marekani na Kanada, na mashambulio ya maumivu yalipungua kwa karibu nusu.

Hofu iliyobaki ilikuwa ya kwetu: je, dawa inayopunguza chembe nyeupe ni salama mahali penye malaria na maambukizi mengi? Swali hilo lilistahili kujibiwa Afrika, na limejibiwa Afrika. Mwaka 2017 watafiti wa Kampala walichapisha matokeo ya watoto 208, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa ndani, na malaria haikuongezeka kwa waliopewa dawa. Kisha ukaja utafiti wa REACH, uliochapishwa mwaka 2019, ambao watoto 606 walianzishiwa dawa huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45, malaria kutoka 47 hadi 23, kuongezewa damu kutoka mara 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Kwa uangalifu niseme kwamba REACH haikuwa na kundi la kulinganisha. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa. Hata hivyo, ukiuweka pamoja na ule wa Kampala, mimi sioni sababu ya kumnyima mtoto dawa hii kwa hofu ya malaria.

Sasa karatasi yako. Asilimia 19 ni wastani wa damu yote. Seli moja inaweza kuwa na HbF nyingi na nyingine isiwe nayo ya kutosha, kwa hiyo usishangae maumivu yakija tena siku ya baridi au mtoto anapopungukiwa maji. Kila mnapokwenda kliniki, tazama pia picha kamili ya damu. Mstari wa MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu, kwa kawaida hupanda mtoto anapomeza dawa sawasawa, na huanza kushuka akiziruka dozi. Mistari ya nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) na ya chembe sahani (zinazogandisha damu) ndiyo inayolinda usalama wake: zikishuka kupita kiwango, daktari husimamisha dawa kwa muda na kuirudisha damu ikitengemaa. Vipimo hivyo si vya mapambo, visirukwe. Kuhusu madhara anayoyahofia jirani yako, hakubuni yote: dawa hii inaweza kupunguza mbegu za kiume kwa wanaoitumia, na ni jambo la kuzungumza na daktari mapema, hasa atakapobalehe. Lakini liwekwe kwenye mizani pamoja na kiharusi, maambukizi na vifo vya utotoni, ambavyo ugonjwa usiotibiwa huleta. Endelea kumpa, na homa ikimpanda usingoje kesho.

Swali: Nasoma chuo kikuu Nairobi na nina selimundu. Nimesoma kwamba dawa iitwayo voxelotor ilipandisha himoglobini kweli, kisha mwaka 2024 ikaondolewa sokoni duniani kote. Kama damu ilipanda, tatizo lilikuwa nini?
— Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Jibu: Swali lako ni la kitaalamu kuliko unavyodhani, kwa kuwa linagusa jambo ambalo sisi wa maabara tunapaswa kuliwaza kila siku.

Voxelotor iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2019 kwa njia ya haraka, ambayo huruhusu dawa itumike kwa kutegemea kiashiria cha maabara, huku ushahidi wa manufaa kwa mgonjwa ukiendelea kutafutwa. Kiashiria kilikuwa himoglobini: katika jaribio lililotumika, asilimia 51 ya waliopewa dozi kubwa walipanda zaidi ya gramu 1 kwa desilita ndani ya wiki 24, dhidi ya asilimia 7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Maumivu hayakupungua kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa kitakwimu. Mwezi Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa dawa hiyo kwa sababu takwimu mpya zilionyesha mashambulio ya maumivu na vifo vingi zaidi kwa waliokuwa wakiitumia. Katika jaribio mojawapo la watoto 236 walio katika hatari ya kiharusi, lililofanyika katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, walifariki 8 upande wa dawa na 2 upande wa pili.

Angalia jinsi dawa ilivyofanya kazi. Ilijishika kwenye mnyororo wa alfa na kuifanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni. Himoglobini yenye oksijeni haijengi kamba, kwa hiyo seli ziliishi muda mrefu zaidi na kipimo kikapanda. Lakini kazi ya himoglobini ni kuachia oksijeni inapofika kwenye ubongo na misuli, na ile isiyoiachia huhesabiwa na mashine kama nyingine yoyote. Sababu ya vifo vile bado inajadiliwa. Kwangu mimi maelezo haya ni miongoni mwa yale yanayopaswa kuchunguzwa kwanza. Watoto wa REACH nao himoglobini yao ilipanda kwa takribani gramu 1 kwa desilita, yaani kiasi kile kile. Kwao ilipanda kwa sababu kamba zilipungua, na maumivu, malaria na vifo vikapungua pamoja nayo. Gramu moja ya njia hii si sawa na gramu moja ya njia ile, na mashine haiwezi kuzitofautisha. Nasikitika kwamba jambo hili lilijulikana kwa gharama ya maisha ya wagonjwa, baadhi yao wa hapa kwetu.

Kama uliwahi kutumia dawa hiyo na hujarudi kliniki tangu ilipoondolewa, tafadhali rudi.

Swali: Je, ni kweli kuna tiba ya kukata jeni inayoponya selimundu?
— Baba wa binti wa miaka kumi na minne, Muscat

Jibu: Ipo, inaitwa Casgevy, na iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Majirani zenu wa Bahrain na Saudi Arabia nao wameiidhinisha. Haiirekebishi valini niliyoieleza hapo juu. Inakata sehemu inayoiwasha jeni ya BCL11A, ambayo kazi yake ni kuizima HbF mtoto anapokua, na hivyo HbF hurudi. Katika jaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau miezi 12 bila shambulio kali. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho, yenye hatari zake, na inayoweza kuathiri uzazi wa binti yako. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Kama ana ndugu wa baba na mama mmoja, waulizeni madaktari kwanza juu ya kupandikiza uboho wa ndugu anayelingana naye.

Swali: Nina miaka 54, nina kisukari, na nilipopimwa niliambiwa nina vinasaba vya selimundu (AS) ingawa si mgonjwa. Kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu kimetoka asilimia 6.2, na daktari anataka kunipunguzia dawa. Lakini mashine yangu ya nyumbani asubuhi kabla ya kula husoma 8 hadi 9. Niamini ipi?
— Msomaji, Tanga

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usikubali kupunguziwa dawa kabla ya kurudiwa vipimo. Kipimo hicho, HbA1c, hupima kiasi cha himoglobini ambacho sukari imejishika mwanzoni mwa mnyororo wa beta. Samuel Rahbar aliiona himoglobini hiyo isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa kisukari mjini Tehran mwaka 1968. Kwa kuwa seli nyekundu huishi takribani siku 120, kipimo huchukuliwa kama kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu. Seli ikifa mapema, kumbukumbu nayo hufupika na namba hushuka bila sukari kushuka. Kwa mgonjwa kamili wa selimundu kipimo hiki hakifai kabisa.

Kwa mwenye AS, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya Wamarekani Weusi 4,620 uliona kwamba, kwa sukari ile ile, HbA1c yao ilikuwa chini kwa takribani 0.3. Hiyo haitoshi kueleza tofauti yako, maana asilimia 6.2 hulingana na wastani wa milimoli 7.3 kwa lita mchana na usiku, na wewe uko juu ya hapo hata kabla ya kula. Yapo mambo mengine matatu ya kuangalia. La kwanza ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda seli nyekundu, ambao pia umeenea katika maeneo ya malaria: utafiti mwingine wa mwaka huo uliona kwamba aina moja yake hushusha HbA1c ya wanaume kwa takribani 0.8. La pili ni kama umechangia damu, umeongezewa damu au una upungufu wa damu hivi karibuni. La tatu ni mashine ya maabara, kwa sababu baadhi ya mbinu huchanganywa na himoglobini S, yaani ile ya selimundu, na maabara inaweza kukuambia inatumia ipi.

Nenda ukiwa hujala, na uibebe mashine yako. Pima kidole wakati ule ule unapotolewa damu ya mshipani, kisha linganisha. Namba zikikaribiana, basi mashine yako ni ya kuaminika. Omba pia kipimo cha fruktosamini kama kinapatikana, ambacho hutazama sukari iliyojishika kwenye protini za maji ya damu kwa wiki mbili hadi tatu na hakitegemei umri wa seli nyekundu. Ikithibitika kwamba HbA1c yako husoma chini, mwombe daktari aliandike jambo hilo kwenye jalada la faili lako, ili atakayekuona mwakani asikupunguzie dawa kwa kuitazama namba hiyo peke yake.