Jibu: Kuunganisha fito za milimita 8 bila kuzipasua

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuunganisha fito za mbao zenye unene wa milimita 8 bila kuzipasua: misumari iache kabisa. Ufito wa milimita 8 utapasuka tu. Fito zinapopishana, chonga pengo la kina cha milimita 4 kwenye kila ufito ili zikumbatiane. Weka alama ya upana wa pengo kwa ufito wenyewe, si rula, kisha kata kwa msumeno wa meno madogo ukibaki ndani ya alama, umalizie kwa tupa. Pengo likilegea, gundi haitakuokoa! Fito za mviringo hubingirika, basi zilaze kwenye mfereji uliochongwa katika kipande cha ubao. Paka gundi ya mbao, hakikisha pembe ni nyuzi 90, funga kwa uzi hadi kesho. Kwenye umbo la T, toboa tundu dogo uchomeke ncha uliyoichonga iwe nyembamba. Kugandisha ncha tupu hakudumu.