Maswali na Majibu: Bei ya Maziwa na Thamani ya Shilingi

Swali: Serikali inasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona pakiti ya maziwa dukani kwetu haijashuka? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Swali hili huletwa kila mara takwimu za KNBS, shirika la takwimu la Kenya, zinapotoka, na ninawaomba wasomaji wasome jibu lake kwa makini safari hii. Mfumuko, yaani kasi ya bei kupanda kwa mwaka, ukishuka, bei haishuki; inaendelea kupanda, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Mfumuko ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, asilimia 6.9 Oktoba 2023 na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Bidhaa zilizogharimu shilingi 100 Oktoba 2021 zilifika takriban shilingi 110, kisha 117, kisha 120, na hakuna mwaka hata mmoja ambao gharama hiyo ilipungua. Yeyote anayewaahidi kwamba mfumuko ukitulia bei za zamani zitarudi anawapotosha, na msimpe kura kwa ahadi hiyo.

Swali: Enzi za KCC, ile kampuni ya ushirika ya maziwa, maziwa yalikuwa rahisi na bei haikuyumba. Je, si soko huria lililotuharibia? (Mzee, Majengo)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Bei ya enzi hizo ilipangwa na serikali, na aliyeubeba mzigo wa urahisi huo alikuwa mfugaji, ambaye mara nyingi alikaa muda mrefu akingoja malipo yake. Udhibiti huo wa bei uliondolewa mwaka 1992, na mwaka uliofuata mfumuko nchini ukafika takriban asilimia 46. Mambo hayo mawili yalifuatana kwa karibu mno hata watu wengi wakayafanya kuwa jambo moja, ilhali mwaka 1993 sabuni, nauli na sukari navyo vilipanda bila kuhusiana na KCC. Ukitaka kulinganisha kwa haki, acha kutaja shilingi za wakati ule kana kwamba ni hizi za leo. Uliza kibarua wa bandarini alinunua nusu lita ngapi kwa ujira wake wa siku moja wakati ule, na ananunua ngapi sasa.

Swali: Bei ya pakiti ninayonunua haijabadilika tangu mwaka jana. Basi maziwa hayajapanda? (Mama watoto, Likoni)

Jibu: Soma ujazo, mama. Pakiti ya shilingi 60 ikipunguzwa kutoka mililita 500 hadi 450, bei ya lita moja imepanda kutoka shilingi 120 hadi 133, yaani kwa asilimia 11, hata kama shilingi unazotoa ni zilezile.

Swali: Mwaka 2020 tuliambiwa mfugaji atalipwa shilingi 33 kwa lita, na mwaka 2024 ikawa 50. Je, tumeneemeka? (Mfugaji, Mtwapa)

Jibu: Umeneemeka kidogo kuliko unavyoambiwa. Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta, akiwa Ikulu ya Mombasa, alitangaza kwamba New KCC, mrithi wa KCC ya zamani, ingelipa shilingi 33 kwa lita, na kuanzia Machi 1, 2024 bei ya chini ikatangazwa kuwa shilingi 50. Kwa kuhesabu noti, hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 50. Lakini katika miaka hiyo minne bei kwa jumla zilipanda kwa takriban asilimia 30, kwa hiyo shilingi 33 za mwaka 2020 zilikuwa sawa na shilingi 43 hivi za mwaka 2024. Faida halisi, basi, ni shilingi 7 kwa lita wala si 17.

Hata hizo 7 zina wenyewe. Kiwango cha mfumuko kinachotangazwa ni wastani wa matumizi ya nyumbani, ambamo chakula kina uzito wa karibu theluthi moja, na humo hamna gunia la chakula cha ng'ombe. Shilingi ilikuwa takriban 101 kwa dola Januari 2020, ikadhoofika hadi karibu 160 Januari 2024, na katikati yake vita vya Ukraine vikapandisha bei ya nafaka na mbolea duniani. Mfugaji anayetegemea mashudu na malighafi kutoka nje aliumia kuliko wastani huo unavyoonyesha. Pwani tuna mzigo mwingine pia: joto hupunguza maziwa ya ng'ombe wa gredi, kupe hueneza ugonjwa wa ndigana kali, na karibu na Shimba Hills kuna mbung'o. Andika katika daftari lita ulizouza na bei ya kila gunia ulilonunua, wala usichukue mkopo wa ng'ombe kwa kutegemea bei iliyotangazwa jukwaani, kwa sababu mchuuzi anayefika langoni kwako hafungwi nayo.

Swali: Maziwa yatashuka lini? (Msomaji, Changamwe)

Jibu: Hukutaja kama ni ya pakiti au mabichi. Mabichi hulegea bei baada ya mvua za masika kuotesha majani. Ya pakiti hushuka kwa nadra.

Swali: Kwa nini wafanyabiashara hutupandishia maziwa kila Ramadhani? (Msomaji, Mji wa Kale)

Jibu: Wapo wanaofanya hivyo kwa tamaa, na ninalichukia jambo hilo. Hata hivyo, Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku 11 hivi kila mwaka, hivyo hubadilisha msimu. Ya 2024 na 2025 zilianza Machi, mwishoni mwa kaskazi, wakati ambao kwa kawaida malisho huwa yamekauka hata huko bara yanakotoka maziwa mengi tunayokunywa, na mahitaji ya futari na daku huukuta uhaba uliopo tayari. Ya 2017 ilianza mwishoni mwa Mei, nayo maziwa yalikuwa ghali kwa sababu ya ukame uliotangazwa kuwa janga la kitaifa Februari mwaka huo. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu muuzaji, linganisha bei yake na ya wiki mbili kabla ya mfungo. Yule anayeuza rahisi mno wakati wa uhaba ndiye wa kumwogopa zaidi. Maziwa mabichi yanayokaa siku nzima katika joto la kaskazi bila jokofu na bila kuchacha huenda yametiwa dawa ya kuzuia kuchacha, na kuyachemsha si hakikisho kwamba dawa hiyo itaondoka; usimpe mtoto.