Uwanja wa shule kuwa bwawa la muda: tuchimbe kina gani?

Swali: Shule yetu ya msingi, Dar es Salaam, ina mapaa ya bati yenye jumla ya mita za mraba 800. Mvua ikipiga, maji yote yanaishia kwa majirani. Nimeona picha za Benthemplein kule Rotterdam, Uholanzi, uwanja wa michezo unaogeuka bwawa wakati wa mvua. Fundi anasema tushushe uwanja wetu wa mpira wa kikapu, mita 28 kwa 15, bado wa udongo, kwa mita moja. Yuko sahihi?

Jibu: Mita moja ni nyingi mno. Benthemplein, uliofunguliwa 2013, hubeba hadi lita milioni 1.7 katika mabeseni matatu. Ninyi hamna maji hayo.

Tuchukue mvua ya milimita 60 kwa saa moja (namba ya mfano tu, ya eneo lenu iombeni TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania). Mita za mraba 800 za bati, ukiondoa asilimia 10 inayopotea, zinatoa mita za ujazo 43. Uwanja wenyewe nao unanyeshewa: 25 nyingine. Jumla 68, gawanya kwa mita za mraba 420, unapata sentimita 16. Shusheni sentimita 30, mtakuwa na ziada ya kutosha. Tena maji ya sentimita 16 humfika mtoto chini ya goti. Ya mita moja yanaua.

Kabla ya jembe la kwanza, pimeni udongo. Chimbeni shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 60 chini ya sakafu mnayoitaka, lijazeni maji, yaacheni yanywe usiku kucha. Asubuhi jazeni tena, mpime yameshuka kiasi gani kwa saa moja, kisha namba hiyo igaweni kwa mbili, maana kuta za shimo nazo hunywa. Yakishuka milimita 24, hesabuni 12: uwanja utakauka kwa saa 13 au 14. Jaribio lifanyike masika. La kiangazi hudanganya, kwa sababu maji ya ardhini yanakuwa yameshuka.

Ikiwa namba mliyoigawa ni chini ya milimita 10, au shimo linatoa maji lenyewe, msitegemee ardhi. Lazeni bomba hadi mtaroni, mdomo wake uwe na kizibo chenye tundu la milimita 50. Bwawa litaisha kwa saa 18 hivi. Udogo wa tundu ni wa makusudi, ili mtaro upumue kwanza. Wekeni na vali ya njia moja. Bila hiyo, mtaro ukijaa utawarudishia maji yake, na ya mitaroni huwa na kinyesi. Ndiyo maana pia mkusanye ya mapaa peke yake, kamwe si ya barabarani.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 150 kwa muda wa saa mbili hivi, Julai 2, 2011. Mpango wake wa 2012 wa kukabili mvua kubwa ulianza na swali la njia: maji yaliyozidi yapite wapi? New York iliposaini ushirikiano nao 2015, ilichukua namna hiyo ya kupanga, si vipimo vya mitaa ya Denmark. Ninyi nanyi acheni ukingo mmoja uwe chini, sentimita 20 kutoka sakafuni, upana mita mbili, ukielekea mtaroni wala si kwenye ukuta wa jirani.

Kinachoua mabwawa ya namna hii ni mchanga na mifuko. Maji ya bati yapitie kwanza chemba ya mita moja kwa mita moja, bomba la kutokea likiwa sentimita 40 juu ya sakafu yake, na kikapu cha wavu kinachotolewa kwa mkono. Isafisheni kila baada ya mvua kubwa. Watu huogopa mbu wa uwanjani, kumbe uwanja unaokauka ndani ya saa 48 hauwapi nafasi. Mbu wa dengi watazalia kwenye maji yanayobaki chini ya bomba, ndani ya chemba. Toboeni sakafu yake, chini mwage kokoto, juu mfunike kwa wavu wa dirishani.