Neno “bajeti” lilitoka mfukoni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, neno “bajeti”, ambalo tunalisikia sana Bungeni kila mwezi Juni, tulilichukua kwa Waingereza. Je, wao walilipata wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, walilipata kwa Wafaransa, ambao zamani waliita mfuko mdogo wa ngozi bougette, kutokana na neno la Kilatini bulga. Katika karne ya 15 Waingereza nao walimaanisha mfuko tu. Maana ya fedha za serikali ilijitokeza katika karne ya 18, ambapo waziri aliyewasilisha Bungeni mpango wa mapato na matumizi alisemekana “amefungua mfuko”. La kupendeza zaidi ni kwamba Wafaransa walilichukua tena neno hilo kutoka Kiingereza, likiwa na umbo na maana mpya.