Kabla hujapandisha presha ya mafuta, piga hesabu ya nozeli

Pistoni ya tano ya injini yangu ya kwanza ya turbo bado ninayo. Iko juu ya kabati la spana kwenye gereji yangu hapa Igoma, Mwanza, imeyeyuka upande mmoja, na ukingo wa ringi ya juu haupo kabisa. Kila kijana anayekuja na Toyota Mark II yake akitaka nimwongezee busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukuma ndani ya injini, namshikisha kwanza hiyo pistoni. Maongezi yanaanzia hapo.

Ilikuwa 1JZ-GTE, ile ya silinda sita, lita 2.5, yenye turbo moja. Toyota waliitangaza kuwa na hosipawa 280; mimi nilitaka 380. Nozeli zake, zile zinazopulizia injini mafuta, nilizipeleka kupimwa, kila moja ikatoa cc 380 kwa dakika kwenye presha ya bar 3. Seti kubwa zaidi ilikuwa ghali kuliko mfuko wangu wa wakati ule. Fundi mmoja niliyemheshimu akaniambia, "Mdogo wangu, usitupe hela. Funga regulata ya kurekebisha, pandisha presha, nozeli hizohizo zitatosha." Nikaifunga hiyo regulata, kifaa kinachoshikilia presha ya mafuta, nikapandisha mpaka bar 5. Kwa mizunguko ya mjini, Nyakato na Pasiansi, gari lilikwenda vizuri sana. Siku niliyolikanyaga kwa muda mrefu, barabara ya Musoma baada ya kupita Magu, injini ikaanza kugonga. Kabla sijatoa mguu, moshi ulikuwa umejaa kwenye kioo cha nyuma.

Hesabu ya siku ile ingenichukua dakika tano. Injini ya petroli yenye turbo, ikiwa imekanyagwa yote, hula takriban cc 6.3 za mafuta kwa dakika kwa kila hosipawa. Hosipawa 380 zinataka kama cc 2,394. Gawa kwa silinda sita, unapata cc 399 kwa nozeli. Hapo wengi huishia, na ndipo wanapokosea, kwa sababu nozeli haitakiwi kukaa wazi muda wote. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 tu za kumaliza kazi zake zote nne. Mimi huishia milisekunde 16, yaani asilimia 80; zinazobaki ni za nozeli kujifunga na kujifungua bila kubabaika, na ni akiba yako siku ya jua kali au betri ikiwa dhaifu. Kwa hiyo 399 gawa kwa 0.8: cc 499. Ningenunua za 550 na nisingegusa regulata.

Sasa itazame ile njia ya mkato. Mafuta hayaongezeki sawa na presha, yanafuata kipeuo chake cha pili. Ukitoka bar 3 kwenda bar 4, presha imepanda kwa theluthi nzima, lakini mafuta yamepanda kwa asilimia 15 tu. Ili nozeli ya cc 380 itoe 499, unahitaji karibu bar 5.2. Ongeza busti ya bar 1 juu yake, reli ya mafuta, lile bomba linalozilisha nozeli, inabeba zaidi ya bar 6.

Kwa nini uongeze busti? Kwa sababu nozeli inapuliza ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, na turbo inasukuma hewa kuja upande uleule. Ndiyo kazi ya ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye regulata: busti ikipanda bar 1, presha ya mafuta nayo ipande bar 1, ili tofauti ibaki bar 3 ileile. Mpira huo ukipasuka au ukichomoka, kwenye busti ya bar 1 nozeli inabaki na bar 2 za kufanyia kazi, na umepoteza asilimia 18 ya mafuta wakati unayahitaji kuliko wakati wowote. Naomba uukague leo. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo, nami nimeona kikiua injini. Na unapopima presha ya msingi, uchomoe na uzibe ncha ya manifoldi, injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa.

Pampu ndiyo iliyoniangusha. Mtu anayeishi juu ya mlima Mabatini ataelewa upesi: pampu ileile inayojaza ndoo haraka pale bondeni, ukiipandishia maji mpaka juu ya miamba, bomba linatoa kamba nyembamba. Pampu ya mafuta ni hivyohivyo. Ile namba ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa presha fulani, na presha ikizidi, lita zinapungua. Nyingi zina vali ndani yake inayofunguka presha ikizidi sana na kurudisha mafuta tangini. Kwa hiyo nilivyokuwa nakaza regulata, nilikuwa nainyima injini mafuta kwa mkono wangu mwenyewe, na silinda iliyokosa mafuta ikawa ya moto mpaka pistoni ikayeyuka.

Ipime kabla ya kuiamini. Nje, mbali na cheche, kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu mwingine na si ndani ya buti. Chomoa mpira wa kurudisha mafuta, uelekeze kwenye chombo chenye vipimo, weka regulata kwenye presha utakayoiona ukiwa kwenye busti, kwa mfano huu bar 4, washa pampu sekunde 30. Kwa hosipawa 380 nataka angalau lita 1.5, maana hesabu tupu ni lita 1.2 na akiba lazima iwepo. Ikipungua, pima volti kwenye soketi ya pampu kwanza kabla hujanunua nyingine. Nimekuta volti 11.4 wakati alteneta inatoa 13.8, kosa likiwa ni waya wa kiwandani uliochoka. Rilei na waya mnene kutoka kwenye betri vilimaliza tatizo.

Nozeli kubwa nazo zina masharti yake. Bila kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inayoweza kuandikwa upya, usizifunge. Gari litalewa mafuta na sailensi haitatulia. Pima omu zake pia, yaani ukinzani wa umeme: za omu 12 hadi 16 hukubaliwa na boksi nyingi, za omu 2 hadi 4 huhitaji rezista, la sivyo unaunguza boksi. Za mtumba zioshwe na zipimwe kama seti. Nozeli moja ikiwa dhaifu, silinda yake ndiyo inayokufa peke yake, na geji ya hewa na mafuta itakuonyesha wastani mzuri wa zote sita.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa ziwani. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina presha ya karibu bar 0.88, wakati Dar es Salaam ni bar 1.01. Busti ya bar 1 kwenye geji hapa ni 1.88 kwa jumla. Pale pwani ni 2.01, yaani hewa zaidi, inayotaka mafuta zaidi. Mwaka jana mteja wangu alikuwa anahamia Dar. Tukasoma nozeli zake zikikaa wazi asilimia 85 ya muda kwenye busti kamili, akaniambia zinatosha. Nikampigia hesabu mbele yake: busti ileile, pwani, zingefika 91. Tulifunga kubwa zaidi siku mbili kabla hajapakia vyombo.